Mkuyu Ulileta Rajabu Mwingine

Niliamini, na niliamini kwa mwili mzima hadi kucha za miguu, kwamba mtu akichonga jina lake kwenye mkuyu wa maporomoko, mti ule utamvuta arudi. Aende Tanga mjini, aende Dar, aende Maskati akajenge ghorofa saba, iko siku miguu itamwasha, atapanda gari, atashuka njia panda, atakwea kilima, na atajikuta amesimama mbele ya jina lake anatweta, wala hajui kilichomleta. Wenzangu walikuwa na majini yao ya kuamini. Mimi nilikuwa na mkuyu.

Kilichonirudisha huko juzi ni fenesi. Mbele ya kibanda changu cha kutengeneza mafriji, hapa Usagara, Elia wa jirani alikuwa anapasua fenesi kubwa kama mtoto wa tembo. Kijana huyu yuko chuoni, na wiki hiyo walikuwa wametoka kutembea msitu wa Amani. Huku anapasua, huku ananionyesha picha kwenye simu. Hii sisi tumekaa juu ya jiwe. Hii sisi tunakula. Hii hapa mimi, kaka, tazama. Nikatazama. Elia anacheka kando ya mkuyu, na kando ya uso wake, usawa wa macho yake sawasawa, jina lake limechongwa kwa herufi kubwa, jeupe, linatiririka. Wakati huohuo kile kisu cha fenesi kilikuwa chini ya pua yangu, na utomvu mbichi ni utomvu mbichi, wa fenesi na wa mkuyu ni ndugu. Nikakaa juu ya kompresa.

"Vipi, kaka, presha?" Elia akauliza.

"Uchovu," nikamwambia.

Na ulikuwa uchovu kweli. Mimi ni mtu wa kucheka, mtaa mzima unajua; nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa tayari na mvi tatu, nikakaa dawati moja na kijana aliyeniita babu, na siku zote hizo sikuacha kucheka. Lakini kuna mambo ukiyaona kwa mara ya mia tisa na tisini na tisa, kicheko kinaomba likizo. Mama yangu siku hizi magoti yamegoma, hapandi tena kilima, na kila nikimpigia simu, kabla hajaniuliza watoto wangu wanaendeleaje, huuliza, "Wamechonga tena?" Humwambia sijui, sijafika huko. Naye hujibu, "Wamechonga."

Mama alikuwa mlinzi wa msitu. Kijiji chetu kiko chini kidogo ya Amani, pale chai inapoishia na michungwa inapoanza, na juu yetu kulikuwa na kipande cha hifadhi chenye maporomoko ambayo wageni waliyapenda kuliko walivyopenda mama zao. Kamati ya kijiji ilitafuta mwanamume mwenye kifua wa kulinda pale. Waliajiri wanaume watatu, wakalala usingizi watatu wote, ndipo wakamkumbuka mama. Hakupewa bunduki wala filimbi. Silaha yake ilikuwa ungo.

Ungo huo aliuweka juu ya kisiki pale kizuizini, njia ya kupanda inapoanzia, na kila mgeni, awe mwalimu, awe mzungu, awe shehe, aliweka humo kila alichonacho chenye ncha au cha kuandikia: visu, mapanga, bisibisi, mkaa, chaki, kalamu za wino mzito. Mama alisema angekuwa na ruhusa angekusanya na kucha. Kisha mgeni aliandika jina lake kwenye kaunta buku, akapita. Wageni wakisharudi, hawarudishiwi vitu vyao mpaka mama apande mwenyewe njia nzima hadi maporomoko, atazame kila shina na kila jiwe, ateremke. Wanamsubiri. Wanalalamika, wanapiga miayo, wanatazama saa. Mama hana haraka. Akikuta shina zima, watu wanachukua visu vyao na kwaheri ya heshima. Akikuta kidonda kibichi, hatoki mtu.

Aliyechonga akipatikana, adhabu ilikuwa moja kwa wote. Atachota ndoo tano mtoni na kumwagilia kitalu cha miche. Kisha atapanda na mama hadi kwenye mti, atapaka kidonda tope la udongo wa mfinyanzi na majivu, na akimaliza ataweka kiganja juu ya tope na kutaja jina lake kwa sauti. "Sema, mti ukujue," mama alikuwa anawaambia. Watu wazima wenye ndevu na vyeo walisimama pale wakamtajia mkuyu majina yao kama wanaandikishwa darasa la kwanza, na wengi walishuka wakiwa wapole.

Sasa hebu mwelewe mtoto wa miaka minane, aliyekaa nyuma ya jiwe akiyaona hayo. Mama mwenyewe, mlinzi, ndiye anayewatambulisha watu kwa mti! Ningeaminije kwamba jina kwenye mti halina kazi? Niliona ni utaratibu kamili: mtu anaandika, halafu anataja kwa mdomo, ili mti usije ukakosea siku ya kumwita.

Habari ya kuvutwa nilipewa na Mwanaidi, binti wa jirani, aliyenizidi madarasa mawili na uongo madarasa tisa. "Unamjua yule babu wa vipepeo?" aliniuliza. Nilimjua. Mzungu mmoja mzee, mwenye wavu na kofia iliyochakaa, aliyekuja kila mwaka. "Jina lake liko pale juu, alichonga akiwa kijana. Unafikiri anakuja kwa hiari yake? Anavutwa!" Akanipa na ushahidi wa pili, mwalimu wa Muheza aliyechonga jina lake na la mchumba wake, wakaoana, wakarudi na mtoto mgongoni. Basi, kesi imekwisha. Majina kwenye mkuyu ule yalikuwa mengi kama siafu, na waliorudi ni hao wawili, lakini hesabu hiyo sikuifanya. Mtoto huhesabu waliorudi tu.

Na mimi nilikuwa na mtu wa kurudishwa.

Baba alikwenda Pemba msimu wa karafuu. Alisema anarudi zikishaanikwa. Zikaanikwa, zikauzwa, mikarafuu ikazaa tena na tena, na mimi nikaota meno ya mbele mapya bila baba kuyaona. Nilikumbuka masikio yake madogo yaliyolala kichwani, na jinsi alivyomenya chungwa ganda lote likatoka moja, refu kama nyoka, akanivisha shingoni. Nikimuuliza mama, alijibu neno moja tu: "Yupo." Majirani nao wakilitaja jina lake walishusha sauti, na mimi nilidhani wanashusha kwa heshima. Siku moja nikagundua tatizo. Kumbe baba hajawahi kuchonga jina lake! Amekwenda mbali bila kujiandikisha! Atarudije, maskini, na mti haumjui?

Mama alipanda mapema siku hiyo, akateremka, akakaa kizuizini kuwasubiri wanafunzi wa chuo kutoka Tanga. Mimi nikachukua kisu cha machungwa, kile alichokiacha baba, nikapita njia ya nyuma ya kitalu. Nilisimama mbele ya mkuyu kama mwanafunzi mbele ya ubao. Gome lake lilikuwa laini, la kimanjano, na kisu kilipoingia tu ukatoka utomvu mweupe kama maziwa, ukanitambaa vidoleni, ukanata, ukanuka ubichi ule ambao juzi ulinikalisha juu ya kompresa. Nilichonga herufi sita. R, A, J, A, B, U. Mkono uliniuma kuanzia bega hadi ukoo mzima. Nikaweka kiganja juu, nikataja kwa sauti, "Rajabu," nikateremka mbio.

Nilipofika kizuizini nikihema, wanafunzi walikuwa wamewasili, kama kumi na tano hivi, wanajaza ungo na kuandika kaunta buku. "Shikamoo, mama." "Marahaba, kisu hicho." "Shikamoo, mama." "Marahaba, na hiyo chaki." Wa mwisho alikuwa mrefu kama nguzo ya simu, nasema kweli, kivuli chake kilifika kabla yake. Mama alikuwa anamtafutia kalamu nyingine, ile ya kwanza imekauka.

"Nitakuandikia mwenyewe. Jina?"

"Rajabu, mama."

Nilishika kisiki nisianguke. Haikupita saa! Wale wa Mwanaidi walivutwa miaka na miaka, na wangu kavutwa wakati utomvu haujakauka! Nikamwangalia yule mtu kuanzia chini kwenda juu, safari ndefu, nikafika masikioni. Yalikuwa makubwa, yamesimama kama milango ya kabati. Siyo baba.

Ndipo nilipoelewa kosa langu, na nililielewa kwa akili timamu kabisa, kama fundi anayegundua waya uliochomekwa pasipo pake. Mti hauna kosa. Mti umevuta Rajabu. Mimi ndiye niliyeandika nusu ya jina. Marajabu wako wangapi pwani hii? Mti umemchukua wa karibu. Ilibidi nirudi niandike Mbwana, jina la babu, ili baba apatikane sawasawa.

Lakini wageni walikuwa wamekwisha kupanda, kwa hiyo nilisubiri. Wakacheza kwenye maji, wakapiga kelele, wakarudi wamelowa. Mama akapanda kukagua. Alichukua muda mrefu kuliko kawaida. Aliporudi hakuwa amekunja uso. Alikuwa amekaukiwa, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni akageuka asione mtu. Mimi nilifurahi. Nilidhani ameliona jina na amejua baba yu njiani.

Akafungua kaunta buku, akapitisha kidole toka juu hadi mwisho wa ukurasa.

"Rajabu ni nani?"

"Mimi, mama."

"Umetumia nini? Kisu chako hiki hapa kwenye ungo. Funguo?"

"Nimetumia nini kufanya nini, mama?"

"Jina lako liko kwenye mkuyu, linatoka maziwa. Asubuhi nimepita, mti ulikuwa mzima."

"Wallahi mama sijachonga!"

"Mwanangu, wallahi hiyo nimeisikia mpaka masikio yameota sugu. Msitu huu una wallahi nyingi kuliko majani." Hakupaza sauti. Hilo ndilo lililowatisha. "Ndoo ile pale."

Wenzake wakapasuka kucheka. "Rajabu wewe, ulikuwa unamwandikia nani?" "Bwana shamba huyooo!" "Urefu wote ule, mwenzetu, akili imechelewa kupanda!" Naye alisimama katikati yao, mikono wazi, anageuka huku na huku akitafuta hata mtu mmoja wa kumwamini. Alinitazama na mimi. Nikatazama kisiki. Hapo ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na ulimi, na ulimi wangu haukuwa mfupi hata siku moja. Lakini nikisema, mama atapaka tope, na Mbwana bado sijaandika. Nikanyamaza. Nilimwacha mtu mzima ainame mtoni mara tano kwa kosa langu, na huku anabeba ndoo ya pili, mimi nilikuwa njiani napanda na kisu kiunoni.

M yangu ilikuwa imekamilika, na B imefika mgongoni, nikasikia hatua. Kumbe ndoo tano kwa miguu mirefu ile ni kitu kidogo. Mama alitokea mbele akiwa na chombo cha tope, Rajabu nyuma yake, suruali imelowa hadi magotini. Sikukimbia. Ningekimbilia wapi, na maziwa yananidondoka hadi kwenye kiwiko?

 Mama alimtazama Rajabu. Lile jina lilikuwa kwenye usawa wa mkanda wake. Kisha akanitazama mimi, na lile jina lilikuwa limesimama mbele ya macho yangu, ana kwa ana. Mama aliyesoma mashina yote ya msitu ule miaka yote hiyo alijua jambo moja kuliko maprofesa: mtu huchonga usawa wa macho yake. Nadhani alilijua tangu alipoliona jina mara ya kwanza, ila kulikuwa na kitu kingine kwenye jina lile kilichomzuia kuangalia vizuri.

"Mama," Rajabu akasema taratibu, "mimi kuandika pale ningepiga magoti."

Mama aliweka chombo chini. Alikuwa mtu mzima wa kumzaa kijana yule, lakini alikunja mikono kifuani kama anasimama mbele ya wazee. "Nimekukosea, Rajabu. Nimekuadhibu bila kupima. Nitashuka niwaambie wenzako kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Ndoo tano, mama."

"Tano. Najua."

"Nizirudishe mtoni?"

Mama hakucheka, lakini kona ya mdomo ilisogea. Rajabu akachuchumaa mbele yangu. Hata akichuchumaa alinizidi. "Na wewe, mdogo wangu, unaitwa Rajabu?"

"Hapana."

"Basi Rajabu huyu ni nani?"

Niliangalia miguu yangu. Mama ndiye aliyejibu. "Baba yake."

 Kijana yule akasimama, akajipangusa magoti ambayo hayakuwa na vumbi. "Basi, mama," akasema. "Maji yameshaingia kwenye miche. Miche haina kosa." Akateremka peke yake, na alipita kando yangu akanigusa kichwani kidogo, kitu ambacho hadi leo nikikikumbuka natamani angenipiga kofi.

Mama alitimiza neno lake baadaye. Aliwasimamisha wale wanafunzi pale kwenye ungo, akawaambia aliyechonga ni mwanawe, akaniandika kwenye kaunta buku, ukurasa wa wakosaji, baina ya mfanyabiashara mmoja wa Korogwe na jamaa aliyechora moyo. Nimeona watu wengi tangu hapo wakikosea wenzao. Sijaona wengi wakishuka kilima kulisema hilo mbele ya watu kumi na tano. Na kama unauliza nilimwambia nini Elia siku ile ya fenesi, nilimwambia kwamba mama yangu angemchotesha ndoo tano. Akacheka, akanipa kipande cha fenesi. Nikala badala ya kumkemea. Ndiyo maana nasema nimechoka.

Lakini pale kwenye mkuyu tulikuwa tumebaki wawili. Mama hakunipiga. Alinipa kile chombo, akakaa juu ya mzizi, magoti yake yakalia hata wakati ule. Tope lilikuwa kidogo, lilikadiriwa kwa herufi sita, na mimi nimeongeza. Nikaanza kupaka. R ikafunikwa. A ikafunikwa. Utomvu ulilichuruzisha tope, nikapaka tena. Nilipofika kwenye J mkono ukagoma.

"Maliza," mama akasema.

"Mama, tukilifunika lote baba atarudije?"

"Nini?"

"Mti utamwonaje? Umemleta yule kwa sababu sikuandika Mbwana. Nikimalizia Mbwana utamleta wetu."

Mama alichukua kile kisu cha machungwa kilichokuwa chini, akafuta utomvu kwenye kanga yake, upande mmoja, upande wa pili, kwa uangalifu mkubwa, kama kisu hicho kina maumivu. Nilikuwa namtazama mikono, maana uso wake sikuthubutu.

"Nani kakwambia mti unaleta watu?"

"Mwanaidi. Yule babu wa vipepeo..."

"Yule babu anapenda vipepeo. Ndiyo maana anakuja."

"Na mwalimu wa Muheza?"

"Muheza ni hapo chini. Anapanda akitaka." Akakifunga kisu ndani ya pindo la kanga, akafunga fundo. Halafu akasema, bila kushusha sauti kama majirani, akasema kama anavyotaja siku ya gulio, "Mti hauvuti mtu. Baba yako yuko hukohuko Pemba, Wete. Ana mke, ana nyumba, ana mtoto wa pili sasa. Hajapotea. Njia ya hapa anaijua, na boti zipo. Haji kwa sababu hataki kuja."

Maporomoko yaliendelea kupiga kelele.

"Haya," mama akasema, "tope limekwisha. Nenda kalete udongo."